Kurasa Safi za Chai ya Asubuhi

9 Machi

Kwako Mwalimu wa utafiti,

Shikamoo. Bahasha ya mwezi wa kwanza ndiyo hii: kadi ya kinasa sauti na kurasa thelathini na mbili. Barua hukuiomba. Nimeichomeka humo kwa sababu siku ile ulikaa kwetu saa mbili nzima, nami nikakuambia maneno matatu tu: "karibu", "ndiyo" na "chai". Ulipoondoka Shangazi aliniuliza kama ulimi nimeufungia kabatini na ufunguo nimempa nani.

Mimi ndiye yule binti uliyemwachia kazi ya kunukuu. Nyumbani wananiita Karani, maana naandika kila kitu na sisemi chochote. Shule ya msingi nilisoma kwa lugha ya nyumbani, sekondari nasoma kwa ile nyingine, na nimegundua kwamba naweza kunyamaza vizuri kwa zote mbili.

Babu hakuwa hivyo. Nadhani unajua alikuwa mkalimani wa mahakama miaka ishirini na sita, ila hukupata kumsikia. Mtu akitukana kizimbani, Babu alilivusha lile tusi kama lilivyo, mbele ya hakimu, bila kupepesa jicho. Shangazi anasema watu wasio na kesi walikuwa wanakuja kumsikiliza tu. Kisha mwezi wa kumi kiharusi kikampiga mkono wa kulia na maneno.

Nataka kukushukuru kwa yule mtaalamu wa usemi anayekuja Jumanne na Ijumaa. Babu anamwita "Kijana" ingawa ana kipara. Bila utafiti wako tusingempata, hospitali walituambia tusubiri mwaka mzima. Siku za Kijana Babu ananyoa ndevu tangu alfajiri.

Kurasa nimeziandika kwa uangalifu. Nimezipitia mara mbili, hutaona sentensi hata moja yenye kasoro.

Wako mtiifu,
Karani


22 Machi

Binti Karani,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha kuliko barua zote za ofisini, ambazo kwa kweli hazina ushindani mkubwa.

Kurasa nimezisoma kwa mkupuo, kama mtu anayesoma hadithi. Mwandiko wako ni wa kupigiwa mfano. Babu yako anaongea kwa utulivu na heshima, na kwa mgonjwa wa miezi mitano tu hilo ni jambo la kushangaza. Nimewasomea wenzangu pale anapoisifu chai yako.

Nikukumbushe kidogo tunachotafuta. Tunataka kujua mtu aliyeishi kwa lugha mbili, akishapigwa na ugonjwa huu, neno linamrudia kupitia mlango upi, na walio naye mezani wanamsaidia vipi. Kwa hiyo andika yote, hata akikohoa. Mwezi ujao endelea vivyo hivyo.

Msalimie Shangazi. Mwambie ulimi nimeuona, umo kwenye bahasha.

Mwalimu


11 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo. Bahasha ya pili ni hii, kurasa ishirini na tisa. Asante kwa kuwasomea wenzako, ingawa nilipofika mstari huo niliweka barua chini nikaenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Babu anaendelea. Ijumaa Kijana alimwekea picha sita mezani ataje vitu, na Babu akazifagia zote kwa mkono wa kushoto zikaanguka chini. Kijana akaziokota, akazipanga upya, akakaa. Hakusema neno. Mimi ningesema. Ninapokuwa na Babu ndipo ninaposema, hilo labda hukulijua. Kwake sioni haya.

Shangazi analalamika kwamba sukari inaisha siku hizi kama tuna harusi. Ni Babu anaiomba kila asubuhi.

Nina swali moja. Babu akinyamaza, kuna haja ya kuandika? Maana hapo hakuna kitu.

Karani


29 Aprili

Binti Karani,

Nina habari njema, nikaona uzipate wewe kwanza. Kamati yetu imesoma kurasa zako za miezi miwili. Babu yako amevuka kiwango tulichokiweka: sentensi kamili, lugha moja bila kuchanganya, majibu ya papo kwa papo. Kwa hiyo mazoezi yake na mtaalamu yatakoma mwisho wa Mei, na nafasi yake itakwenda kwa mgonjwa mwingine aliye kwenye foleni.

Si mara nyingi naandika barua ya namna hii. Mpeni hongera zangu. Wewe pia hongera, najua ni nani anayemwandalia ile chai.

Kuhusu swali lako: ndiyo, ukimya unaandikwa, pamoja na urefu wake. Lakini kwa kuwa Babu hanyamazi sana, usijali.

Mwalimu


7 Mei

Kwa Mwalimu wa chuo,

Mimi si mwandishi. Mwandishi amejifungia chumbani tangu barua yako ifike, chakula nampitishia mlangoni kama mahabusu.

Nakuandikia mimi Shangazi mtu, kwa kalamu ya kuchorea vitambaa, utanisamehe. Umetuambia Baba amepona. Nimefurahi, nikaenda kumwambia, "Baba, kumbe umepona, tuambie basi na sisi." Jana alitaka kuniambia jambo kuhusu dirisha. Nimeshona suruali nzima, miguu yote miwili, na jambo halijatoka. Nikalifungua dirisha, akatikisa kichwa. Nikalifunga, akatikisa kichwa. Mpaka sasa sijui lile dirisha lina nini.

Kama pesa za utafiti zimekwisha, sema zimekwisha, sisi ni watu wazima tutaelewa. Lakini usituambie mzee anaongea. Yule Kijana ndiye tegemeo lake. Asipokuja, Baba atakaa kwenye kile kiti akiangalia ukuta mpaka siku yake.

Nakushukuru kwa yote uliyotutendea, na hilo nalisema kwa moyo.

Shangazi, fundi cherehani


9 Mei

Mwalimu,

Barua ya Shangazi umeipata, najua, maana nilitoka chumbani nikanunua stempu mwenyewe. Yeye hana kosa, na wewe huna. Kosa ni langu, na nitaliandika kabla sijajishauri tena.

Kurasa zile si za Babu. Ni zangu.

Nilianza siku ya kwanza kabisa. Nilivaa visikilizio nikaandika alichosema kweli, na hiki hapa, nimekihifadhi: "Ile... ile... nyeupe. Leta. Hapana. Ile." Nikauangalia ukurasa. Nikakumbuka kwamba utakwenda chuoni, utasomwa na watu wasiomjua, na kwao huyo ndiye atakuwa Babu yangu. Mtu aliyekuwa akisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, wote wawili wakimtegemea. Nikaufuta. Nikaandika: "Niletee sukari, mjukuu wangu."

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Shuleni sentensi isiyokamilika inakatwa alama, kwa hiyo nilizikamilisha. Neno likimjia kwa lugha ya mahakamani, nililiondoa nikaweka la nyumbani mahali pake, ili asionekane amechanganyikiwa. Alipokaa kimya niliruka. Ile sifa ya chai aliyoipenda kila mtu ofisini kwenu, siku hiyo Babu alisema "nzuri" mara nne, na sijui hata kama alikuwa anazungumzia chai.

Sikudhani nadanganya. Nilidhani namfunga vifungo vya shati, kama ninavyomfunga kila asubuhi. Na nikuambie lililo baya zaidi: nilifurahi kukaa mezani na huyo Babu wa kwenye karatasi. Nilikuwa nimemkosa.

Sasa nimemponesha mpaka ananyang'anywa Kijana wake. Usimwadhibu yeye. Kama kuna kuondolewa, niondoe mimi, ukamwajiri mtu mwingine wa kuandika. Babu hajui lolote kati ya haya. Katika kazi yake mkalimani aliyebadilisha maneno ya mtu alifukuzwa siku hiyohiyo.

Asante kwa kunisifu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusifiwa na mtu asiye ndugu, na sikuistahili.

Karani


16 Mei

Binti Karani,

Umeniambia ukweli, na nitakulipa kwa jibu la kikazi, si la kukubembeleza.

Kurasa za miezi miwili hazifai. Zaidi ya kutofaa, umefuta kile hasa tulichokuwa tunakitafuta. Lile neno la mahakamani uliloliondoa ndilo mlango niliokuandikia habari zake. Ule ukimya uliouruka ndimo Babu yako anamofanya kazi yote.

Na sasa zamu yangu. Kanuni yetu inanitaka nisikilize rekodi moja katika kila tano, mwanzo hadi mwisho, nikifuatisha na kurasa. Nilisikiliza dakika mbili za rekodi moja, cherehani ikipiga kelele, nikaizima, kwa sababu kurasa zako zilikuwa tamu kusoma. Msichana alitaka babu yake apone, na mtafiti mzima akataka iwe hivyo pia. Wala mtaalamu mwenyewe hatukumuuliza. Nimeieleza kamati yote hayo. Haikuwa siku yangu nzuri kazini.

Kamati inakaa tarehe 3 Juni. Nikiwa na kurasa za kweli za asubuhi zote arobaini, naweza kuitetea nafasi yake. Nisipokuwa nazo, siwezi. Kadi nazirudisha humu. Muda wa kunukuu unao wewe na masikio unayo wewe. Simpi mtu mwingine.

Lakini kuna sharti ambalo siwezi kukusamehe. Babu alitia sahihi fomu ya ridhaa akiamini tunasoma maneno yake. Ni lazima ajue tulisoma ya nani, na akubali upya kwamba sasa yasomwe yake. Fomu ni hii. Kumwambia ni kazi yako. Nilifikiria kuja kukusaidia, nikaona nitakuwa nakufunga vifungo.

Asante kwa barua ya tarehe 9. Nimeisoma mara nyingi kuliko zile kurasa.

Mwalimu


28 Mei

Mwalimu,

Shikamoo. Kurasa mia moja na kumi na nane ndizo hizi. Ni chafu. Fomu iko juu, sahihi ni ya mkono wa kushoto, usishangae ikionekana kama njia ya mchwa.

Nilichelewa siku nne kwa sababu sikuwa na ujasiri. Jumamosi asubuhi Shangazi alikwenda kununua nyuzi, nikaingia kwa Babu nikamwambia, "Babu, nina kesi." Akakaa wima. Akanionyesha kwa kidole pa kusimama.

Nikamsomea ukurasa mmoja wa zile za kwanza. Alisikiliza kwa adabu kama anasomewa habari za jirani. Nilipomaliza akauliza, "Nani?"

"Wewe, Babu."

"Mimi?" Akacheka kidogo.

Ndipo nikawasha kinasa sauti, rekodi ya asubuhi ileile ya ukurasa huo. Hakucheka tena. Ni dakika nne, Mwalimu, na katika hizo dakika anasema maneno kumi na moja. Hajawahi kujisikia tangu augue. Nilinyoosha mkono nizime, akaweka wake juu ya wangu akauzuia mpaka mwisho.

Alichosema baadaye nakiandika kama kilivyotoka. "Huyu (sekunde 6) ndiye. Yule (sekunde 9) simjui." Halafu: "Umenitoa (sekunde 5) mezani."

Nililia. Hakunibembeleza, aliniacha nilie, kisha akaivuta fomu kwake akaomba kalamu kwa kidole. Alipokwisha kutia sahihi aliisukuma mbele yangu akasema, "Andika."

Tumeandika siku tano. Shangazi nilimwambia jioni ileile. Akasema, "Na mimi nilikuwa nimemtukana mama wa watu kwa barua." Kisha akaifunika cherehani kwa shuka, akawaambia wateja ana msiba, akatuletea chai mezani. Waliokuja kutoa pole aliwarudisha na nguo zao bila kushonwa.

Nilichokisikia sikukisikia mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa natafuta sentensi. Mtu anayemkatiza Babu kuliko wote duniani ni mimi. Nimejihesabu. Anaanza, nangoja sekunde mbili au tatu, namrushia neno. Mara mia moja na saba. Akisema "hapana" namrushia lingine, na la tatu anakubali, nadhani kwa kuchoka. Kijana, asubuhi anazokuwa nasi mezani, anangoja hata sekunde ishirini, na neno linakuja. Linakuja kwa lugha ya mahakamani, halafu, ukingoja tena, linavuka lenyewe.

Ile "nyeupe" haikuwa sukari. Katika rekodi ya nane analisema mwishoni, nikiwa nimeshageuka kuleta bakuli: karatasi. Alitaka karatasi ajaribu kuandika. Kwa miezi miwili nimemtilia vijiko viwili mtu asiyetumia sukari, na ameinywa chai yote ile ili asinivunje moyo. Sasa analo daftari lake. Dirisha bado hatujui, Shangazi amesema hataki kusaidiwa.

Sijui kamati itasema nini. Kijana akiondoka, nitajifunza kungoja mwenyewe, ingawa sitaweza kama yeye. Lakini hata ikiwa hivyo, nakushukuru kwa kutokuja kunisaidia.

Karani


6 Juni

Binti Karani,

Kamati ilikaa kwa saa tatu. Nafasi ya Babu ilikuwa imeshaahidiwa mama mmoja muoka mikate, amepigwa na ugonjwa huohuo, ana watoto wadogo, na amekwishapewa tarehe. Kumnyima sasa ni kumtwisha yeye makosa yetu sisi wawili. Nilisema hivyo mwenyewe, nikijua wewe utasoma.

Tumegawa. Mama atachukua Jumanne. Babu atabaki na Ijumaa, kwa mwaka mzima, na mwaka mzima hatukuwahi kumpa mtu. Hiyo ni kwa ajili ya kurasa chafu. Katika wagonjwa tisa, ni hizo tu zinazoonyesha neno likivuka kutoka lugha hadi lugha, sekunde kwa sekunde, mbele ya mtu anayelikatiza na kisha mbele ya mtu anayelingoja. Mtaalamu ameshazisoma na amebadilisha mazoezi yake: sasa neno la mahakamani linaachwa lije kwanza.

Najua mlitaka siku zote mbili. Na mimi nilitaka.

Rekodi zote arobaini nimezisikiliza, mwanzo hadi mwisho. Siku ya thelathini na nne kuna mahali unamwimbia Babu huku ukimfunga vifungo, ukidhani kinasa sauti kimeshazimwa. Sijawaambia ofisini.

Asante, mwanangu. Kazi bado ni yako.

Mwalimu


15 Juni

Mwalimu,

Shikamoo. Nilimsomea Babu barua yako yote isipokuwa mahali pa kuimba. Ameamua kukujibu mwenyewe. Tuko mezani, saa mbili asubuhi, mimi, yeye na Shangazi. Nanukuu.

BABU: Mwalimu. (sekunde 7) Ijumaa (sekunde 3) inatosha.

SHANGAZI: Haitoshi.

BABU: (sekunde 4) Inatosha. Yule mama (sekunde 11, neno kwa lugha ya mahakamani) wa mikate. Naye (sekunde 5) aseme.

SHANGAZI: Haya, aseme. Nani amemkataza.

BABU: (Anakohoa.) Nashukuru. (sekunde 8) Sana. (sekunde 2) Sana.

SHANGAZI: Umemaliza, Baba? Chai inapoa.

BABU: Bado. (Ananionyesha kwa mkono wa kushoto.) Huyu (sekunde 19)

Hapa Shangazi alinitazama, nami nilikuwa na maneno matatu tayari mdomoni ya kumsaidia. Nilishika kalamu.

BABU: Huyu (sekunde 14) ananingoja.

Karani